Kodi na michango ya wafanyakazi wa nyumbani Uganda: mwongozo kwa mwajiri, na hasa kwa mwajiri mwenye jina

Mtu anayemlipa yaya, mpishi, dereva au askari wa getini kila mwisho wa mwezi ni mwajiri mbele ya sheria za Uganda, hata kama hana kampuni, hana ofisi wala kibao cha biashara mlangoni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haibagui kazi ya kiwandani na kazi ya jikoni. Inachotazama ni kama kuna anayemfanyia mwingine kazi, chini ya maelekezo yake, kwa malipo. Msamaha uliomo ndani yake ni mwembamba, kwa kuwa unaihusu shughuli ya kifamilia ambayo wafanyakazi wake wote ni ndugu wanaomtegemea mwenye shughuli hiyo, nao wasizidi 5. Binti aliyetoka kijijini kuja kulea mtoto kwa mshahara hamo katika msamaha huo, na kumwita "mwanetu" hakubadilishi chochote.

Ninaandika haya nikiwa mtunza hesabu mjini Kampala, lakini si hesabu zilizonifanya nilijue jambo hili. Mama yangu mdogo alipika miaka 14, kuanzia 2005 hadi 2019, katika nyumba ya mtu ambaye jina lake lilisikika redioni kila wiki. Siku alipoachishwa alipewa mshahara wa mwezi huo, kitenge na nauli. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu ambamo aliandika kila malipo aliyopokea, tarehe kwa tarehe, na nilipomsindikiza Workers House, makao makuu ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, alilibeba ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu anayebeba hati ya kiwanja. Afisa aliyetuhudumia alitafuta jina lake, akatafuta tena kwa namba ya kitambulisho, kisha akatuambia kwa upole kwamba mwanachama huyo hayupo. Siku hizo sheria iliwabana waajiri wenye wafanyakazi 5 au zaidi tu, na mwajiri wake alikuwa amemwambia kwamba "nyumba haihusiki". Tulipohesabu pamoja, nyumba ile ilikuwa na mpishi, yaya, dereva, mtunza bustani na askari wawili, jumla watu 6. Ilihusika tangu siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo nitaanza na mchango wa NSSF kabla ya kodi yenyewe, ingawa waajiri wengi wanaonijia huuliza kodi kwanza. Kodi inaweza kuwa sifuri kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo. Mchango hauna kiwango cha chini cha msamaha, na ndio unaosahaulika zaidi.

Mchango wa NSSF

Marekebisho ya sheria ya NSSF yaliyotiwa saini Januari 2022 yaliondoa kile kizingiti cha wafanyakazi 5. Tangu hapo kila mwajiri analazimika kumsajili na kumchangia mfanyakazi wake, hata akiwa na mmoja tu. Mchango ni asilimia 15 ya mshahara ghafi, yaani mshahara kabla ya makato: asilimia 5 hukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, na asilimia 10 hutoka mfukoni mwa mwajiri juu ya mshahara huo. Fedha zinatakiwa kufika kwenye mfuko ndani ya siku 15 baada ya mwezi wa mshahara kwisha, na anayechelewa huongezewa adhabu.

Chukua yaya wa shilingi 250,000 kwa mwezi. Sehemu yake ni 12,500 na sehemu ya mwajiri ni 25,000, hivyo kila mwezi zinaingia 37,500 kwa jina lake. Katika miaka 10 hizo ni shilingi 4,500,000 kabla ya riba, na riba ya mfuko si kitu cha kudharau, kwani kwa mwaka wa fedha 2023/24 ilitangazwa kuwa asilimia 11.5. Mama yangu mdogo, kwa wastani wa mshahara wa 150,000 tu, angekuwa na 3,780,000 za mchango mtupu, na riba ya miaka 14 juu yake. Kwa mtu aliyekwisha kutimiza miaka 55, umri wa kulipwa mafao ya uzee, hilo ni banda la kuku lenye paa la bati na mtaji wa kuanzia, au ni chumba cha kupangisha pale Bombo alikorudi.

Kumsajili mfanyakazi si kazi ngumu. Kinachohitajika hasa ni namba yake ya kitambulisho cha taifa, majina yake kama yalivyoandikwa kwenye kitambulisho hicho, na namba ya simu ambayo ni yake mwenyewe. Nasisitiza hilo la simu kwa sababu nimeona waajiri wakiandika namba zao wenyewe ili kurahisisha mambo, na matokeo yake mfanyakazi hapati ujumbe wa michango yake na siku ya kudai anaonekana mgeni kwenye akaunti yake. Majina nayo yakitofautiana hata kwa herufi moja, usumbufu wake huja miaka 20 baadaye, wakati wewe uliyejaza fomu huenda hupatikani tena. Ukigundua wakati huo wa usajili kwamba binti uliyemchukua hajatimiza miaka 16, ajira yenyewe haipo, kwa kuwa Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 imeweka huo kuwa umri wa chini wa kuajiriwa.

Kodi ya mshahara

Kodi hii, ambayo kila mtu Uganda huiita PAYE, mwajiri huikata kwenye mshahara na kuipeleka Mamlaka ya Mapato ya Uganda, yaani URA. Kwa viwango vya mkazi vilivyoanza kutumika Julai 2012, mshahara wa mwezi usiozidi shilingi 235,000 haukatwi kitu. Kutoka 235,000 hadi 335,000 hukatwa asilimia 10 ya kile kilichozidi 235,000. Kutoka 335,000 hadi 410,000 hukatwa 10,000 na asilimia 20 ya kilichozidi 335,000. Juu ya 410,000 hukatwa 25,000 na asilimia 30 ya kilichozidi hapo, na anayepata zaidi ya milioni 10 kwa mwezi huongezewa asilimia 10 juu ya hiyo ziada. Dereva wa shilingi 500,000, kwa mfano, anakatwa 25,000 na asilimia 30 ya 90,000, ambayo ni 27,000, jumla 52,000. Ukumbuke kwamba mchango wa NSSF wa mfanyakazi haupunguzwi kwanza kabla ya kukokotoa kodi. Zote mbili hupigwa kwenye mshahara ghafi.

Hapo sasa ndipo penye mtego mkubwa wa nyumba zetu. Mapatano ya mshahara wa nyumbani karibu yote hufanywa kwa "mkononi". Unamwambia yaya, "Nitakupa laki 3," naye anaelewa laki 3 atakazozishika. Ukija kumkata mwezi wa kwanza akapata pungufu, ataona umemdhulumu, na kusema kweli hatakuwa amekosea sana, kwa sababu hukumwambia. Ukiamua kuheshimu neno lako, basi laki 3 ni mshahara baada ya makato, na inakubidi utafute mshahara ghafi unaozaa hizo laki 3. Hesabu yake inakwenda hivi: kila shilingi ya mshahara ghafi inapoteza asilimia 5 ya NSSF, na ile iliyozidi 235,000 inapoteza asilimia 10 ya kodi. Kwa hiyo unachukua 300,000, unatoa 23,500, ambayo ni asilimia 10 ya 235,000, unabaki na 276,500, kisha unaigawa kwa 0.85. Jibu ni 325,294. Mchango wa yaya ni 16,265, kodi yake ni 9,029, na mkononi anapata laki 3 kamili. Juu ya hapo wewe unatoa 32,529 za mchango wa mwajiri, hivyo yaya wa "laki 3" anakugharimu shilingi 357,823 kwa mwezi. Hesabu hii inafaa kwa mshahara ghafi ulio kati ya 235,000 na 335,000. Ukivuka hapo viwango vinabadilika na mgawanyo wake pia.

Naomba mwajiri aifanye hesabu hiyo kabla ya kumwita mtu kazini, siyo baada. Ugomvi mwingi wa makato niliouona haukutokana na ubahili. Ulitokana na watu wawili waliokubaliana tarakimu moja kila mmoja akiwa na maana yake.

Chumba cha nyuma kina thamani yake

Sheria ya Kodi ya Mapato haiishii kwenye fedha taslimu. Nyumba au chumba ambacho mwajiri anampa mfanyakazi ni manufaa yanayohesabiwa kwenye mapato yake, na thamani yake ni kiasi kilicho kidogo kati ya viwili: kodi ya pango ambayo chumba kama hicho kingetoza sokoni, au asilimia 15 ya mapato ya ajira ukijumlisha na hilo pango. Tuseme mpishi analipwa 230,000 na analala kwenye chumba cha uani ambacho mtu mwingine angekipanga kwa 60,000. Asilimia 15 ya 290,000 ni 43,500, nayo ni ndogo kuliko 60,000, kwa hiyo mapato yake ya kukokotolea kodi yanakuwa 273,500. Mtu uliyedhani yuko chini ya kizingiti sasa anadaiwa kodi ya shilingi 3,850 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo, lakini mwajiri ambaye hakukikata ndiye anayewajibika kukilipa.

Sipendi kanuni hii ikiangukia kwa mtu anayelala karibu na jenereta ili aweze kuamka saa 10 za usiku kufungua geti. Nadhani watunga sheria walikuwa wanamfikiria meneja aliyepewa nyumba Kololo, mtaa wa wenye uwezo Kampala. Hata hivyo imeandikwa, na ushauri wangu ni kwamba mwajiri aibebe kodi hiyo mwenyewe kwa kupandisha mshahara, badala ya kumkata mpishi kwa ajili ya chumba ambacho kinamfaa zaidi mwajiri.

Ipo pia kodi ya huduma za mitaa, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambayo haiendi URA bali kwa serikali ya mtaa. Kwa Kampala ni mamlaka ya jiji, KCCA. Hutozwa kwa mwaka, kuanzia shilingi 5,000 kwa wenye mapato ya mwezi yanayozidi 100,000 hadi kufikia 100,000 kwa wanaozidi milioni 1, na hukatwa kwa mafungu manne yaliyo sawa kuanzia Julai hadi Oktoba. Yule yaya wa mkononi laki 3, ambaye mapato yake baada ya PAYE ni zaidi kidogo ya laki 3, yuko kwenye daraja la shilingi 20,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa kila mmoja wa miezi hiyo minne. Iweke kwenye mapatano mapema.

Kuwasilisha ritani bila kuhangaika

Mwajiri binafsi hahitaji kufungua kampuni. Anatumia namba yake binafsi ya mlipa kodi, TIN, kisha anaomba PAYE iongezwe kwenye aina za kodi zilizosajiliwa chini ya namba hiyo. Kila mwezi anapakua fomu ya ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwezi, anajaza jedwali la wafanyakazi, yaani jina, TIN ya kila mmoja, mshahara, manufaa na kodi, kisha anaipandisha tena. Mfumo ukishaipokea, anatengeneza namba ya malipo, ambayo watu huiita PRN, na kulipa benki au kwa simu. Ritani na malipo vyote vinatakiwa kufika ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukishajisajili kwa PAYE, wasilisha ritani hata kwa mwezi ambao hakuna kodi iliyokatwa, kwa kuwa mfumo hauwezi kujua kama yaya alikuwa likizo au umesahau.

Kuchelewa kuna gharama isiyolingana kabisa na kodi yenyewe. Adhabu ya kuchelewesha ritani ni asilimia 2 ya kodi husika kwa kila mwezi, au pointi 10 za sarafu, yoyote iliyo kubwa. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo ni 200,000 kwa mwezi. Ukilinganisha na ile 9,029 ya yaya utaona kwamba ritani moja iliyosahaulika inaweza kumeza kodi yake ya karibu miaka miwili. Kodi iliyochelewa nayo huongezewa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Ninawaambia wateja wangu waweke siku moja, tarehe 5, kuwa siku ya kufanya yote: mshahara, NSSF, PAYE. Mtu akikaa chini mara moja na kikombe cha chai, nusu saa inatosha kwa nyumba yenye watu watatu.

Kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5, na sheria ya taratibu za kodi inataka ziwe kwa Kiingereza, kwa hiyo anayeandika hesabu zake kwa Kiswahili au Luganda awe tayari kuzifasiri kwa gharama yake. Mfanyakazi naye apewe hati ya malipo kila mwezi, kama Sheria ya Ajira inavyotaka, inayoonyesha mshahara ghafi, kila kilichokatwa, na kilichobaki. Kwa wasiosoma, isomwe kwa sauti katika lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi au dole gumba. Daftari la bluu la mama yangu mdogo lilikuwa linafanya kazi ambayo mwajiri wake ndiye aliyepaswa kuifanya.

Kwa mwenye jina

Waziri, mbunge, mwenyekiti wa wilaya, mchungaji wa kanisa kubwa, mwanamuziki anayejaza viwanja: kwa wote hawa viwango ni vilevile vilivyotajwa hapo juu. Kinachotofautiana ni kwamba nyumba zao huwa na watu wengi wanaolipwa na vyanzo vingi, na mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hajui ni nani anamlipa nani. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwake siyo tovuti ya URA. Ni kuchukua karatasi na kuandika jina la kila anayeamka kwa ajili ya nyumba ile, na mbele ya kila jina ajibu swali moja: mshahara wa mtu huyu unatoka wapi?

Polisi aliyepangiwa kumlinda na serikali si mwajiriwa wake. Mlinzi aliyeletwa na kampuni ya ulinzi ni wa kampuni hiyo, ingawa si vibaya kuiuliza kampuni kama inawachangia walinzi wake kabla ya kutia sahihi ya mkataba mwingine. Dereva anayelipwa kutoka mfukoni mwa mheshimiwa ni wa mheshimiwa, pamoja na majukumu yote. Mama anayekuja Jumamosi kufua na ambaye anafulia nyumba nyingine nyingi kwa bei anayoipanga mwenyewe ni wa kutazamwa kwa namna nyingine, lakini akija kila siku, akapangiwa saa na kupewa mshahara, jina la "kibarua" halimtoi mwajiri kwenye wajibu. Kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo anastahili mkataba wa maandishi.

Kundi linaloleta matatizo makubwa ni la wale wanaolipwa na kampuni ya mwenye nyumba, shirika lake au taasisi anayoiongoza, huku kazi yao ikiwa nyumbani kwake. Sheria ya Kodi ya Mapato inalitaja jambo hili waziwazi: mwajiri akimpa mwajiriwa wake mtunza nyumba, dereva, mtunza bustani au msaidizi mwingine wa nyumbani, thamani ya manufaa hayo ni mshahara wote unaolipwa kwa msaidizi huyo kwa huduma hizo, ukitoa kile ambacho mwajiriwa amelipa mwenyewe. Kwa hiyo mkurugenzi ambaye kampuni yake inamlipia dereva wa nyumbani 600,000 na yaya 400,000 ana manufaa ya milioni 1 kila mwezi yanayoongezwa kwenye mapato yake, na kama tayari yuko kwenye daraja la asilimia 30, kodi inayotakiwa juu yake ni 300,000. Hiyo ni mbali na PAYE ya dereva na yaya wenyewe, ambayo kampuni inatakiwa kuikata. Na anayewalipa kutoka biashara yake binafsi asiwaingize kwenye gharama za biashara, kwa sababu gharama za nyumbani haziruhusiwi kupunguza faida inayotozwa kodi. Yaya kuitwa "afisa utawala" kwenye vitabu ni jambo ambalo mkaguzi huligundua kwa swali moja analomuuliza yaya mwenyewe.

Anayedhani haya ni madogo mno kumwangusha mkubwa atazame yaliyotokea Marekani. Januari 1993 Zoë Baird, aliyeteuliwa na Rais Bill Clinton kuwa Mwanasheria Mkuu, alijiondoa baada ya kujulikana kwamba aliwaajiri nyumbani wahamiaji wasio na vibali na hakuwalipia michango ya hifadhi ya jamii kwa wakati. Mwezi uliofuata Kimba Wood, aliyefikiriwa kwa nafasi hiyohiyo, naye alijitoa kwa sababu ya yaya, ingawa yeye kodi alikuwa amelipa. Bunge la nchi ile lilibadilisha sheria mwaka 1994 ili nyumba ziweze kutoa taarifa mara moja kwa mwaka pamoja na ritani binafsi, na kiwango cha malipo cha kuanzia kuchangia kikapandishwa kutoka dola 50 kwa robo mwaka hadi dola 1,000 kwa mwaka. Hata hivyo Februari 2009 Nancy Killefer aliacha uteuzi wa Ikulu ya Barack Obama kwa sababu ya deni la zamani la dola 946.69 lililohusu kodi ya wasaidizi wake wa nyumbani, na siku hiyohiyo Tom Daschle aliacha uteuzi wa uwaziri wa afya. Deni la Daschle lilikuwa kubwa zaidi, na sehemu yake kuu ilitokana na gari na dereva alivyopewa na rafiki mfanyabiashara bila kuvitaja kwenye mapato yake. Ukisoma kifungu chetu kuhusu dereva utaona jambo ni lilelile.

Kwetu, anayeteuliwa kuwa waziri hupita mbele ya Kamati ya Uteuzi ya Bunge inayoongozwa na Spika, na kiongozi aliye chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi hutoa tamko la mapato, mali na madeni kwa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG) kila baada ya miaka 2. Kodi na michango ambayo haijalipwa ni deni kama deni la benki, na ningependa kila kiongozi anayejaza fomu ile ajiulize kuhusu mpishi wake kabla hajaandika idadi ya ng'ombe. Anayetunga au kutetea sheria za kodi bungeni huku askari wa getini kwake hana namba ya NSSF anamwachia mwenye duka la Kikuubo, kwenye maduka ya katikati ya Kampala, sababu ya kutolipa.

Kwa aliyechelewa miaka

Usianze na mwezi huu na kunyamazia yaliyopita. Tengeneza jedwali la kila mfanyakazi, tarehe aliyoanza, mshahara wa kila mwaka. Taarifa za miamala ya simu husaidia sana pale ambapo hakukuwa na daftari. Kwa NSSF, waendee mwenyewe na jedwali hilo na uombe mpango wa kulipa malimbikizo kwa awamu. Usimkate mfanyakazi sasa kwa michango ya miaka ambayo hukumkata. Kosa halikuwa lake, na sehemu zote mbili zibebe wewe. Kwa PAYE, mwajiri aliyeshindwa kukata anadaiwa kodi hiyo yeye binafsi, na hali ya anayejitokeza kabla ya kutafutwa ni bora kuliko ya aliyefikiwa na wakaguzi, au aliyeripotiwa na mtoa taarifa, ambaye sheria inamruhusu kupewa zawadi. Bunge limewahi kusamehe adhabu na riba kwa madeni yaliyokuwapo hadi tarehe 30 Juni 2023 kwa waliolipa kodi yenyewe, lakini anayepanga maisha yake kwa kungoja msamaha mwingine anaruhusu riba iendelee kuhesabika.

Mfanyakazi akiondoka, mpe cheti cha kazi, namba yake ya NSSF kwa maandishi, na notisi kwa mujibu wa muda aliokaa: mwezi 1 kwa aliyefanya kazi kati ya mwaka 1 na miaka 5, miezi 2 hadi miaka 10, na miezi 3 kwa aliyezidi hapo. Mama yangu mdogo alistahili miezi 3.

Na wewe mfanyakazi unayesoma haya kwa simu ya mtu au kusomewa: piga hodi ofisi yoyote ya NSSF na kitambulisho chako, au weka programu ya NSSFGo, uone kama mchango wa mwezi uliopita umeingia. Usipouona, muulize mwajiri wako kwa adabu mara ya kwanza na umwombe hati ya malipo. Asipojibu, nenda kwa afisa kazi wa wilaya ukiwa na chochote ulichoandika, hata kama ni daftari la shule.